Si kila uamuzi mbaya wa mhusika ni kosa la mwandishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni nizungumzie lawama ambazo watazamaji wa tamthilia za mazombi, yaani wafu wanaofufuka na kung'ata walio hai, huwatupia wahusika kila kipindi kinapokwisha. Lawama zenyewe tunazifahamu: kwa nini ametoka peke yake, kwa nini hakufunga mlango, kwa nini amepiga risasi, kwa nini hakusema kuwa ameng'atwa. Nyingi zina haki. Nyingine zinamwangukia mhusika aliyeamua kama binadamu yeyote angeamua, na papo hapo mwandishi aliyekosea kweli anapita bila kuguswa. Haya ni makosa mawili tofauti, na mtu akitazama kwa makini anaweza kuyatenganisha.

Kabla ya kumwita mhusika mjinga, tazama alikuwa anajua nini wakati ule, alikuwa na muda gani, na mwili wake ulikuwa katika hali gani. Mtazamaji anajua kuwa nyuma ya mlango kuna zombi kwa sababu kamera imeshampeleka huko na muziki umeshamwonya. Anajua pia kuwa lazima kichwa kipigwe, kuwa kelele huvuta kundi, na kuwa aliyeng'atwa hageuki kuwa mzima tena. Mhusika hana elimu hiyo. Tamthilia ya Marekani The Walking Dead ilianza kuonyeshwa Oktoba 2010 na ikamalizika Novemba 2022 baada ya vipindi 177, na Robert Kirkman, aliyebuni hadithi yake, ameeleza kuwa ule ni ulimwengu ambao filamu za mazombi hazijawahi kuwepo. Kwa hiyo mtu anayemkimbilia mama yake aliyefufuka ili amkumbatie hajapuuza kanuni. Kanuni yenyewe bado haijulikani kwa mtu yeyote.

Suala la mwili husahaulika zaidi. Mtu aliyekesha kwa saa 17 mpaka 19 hufanya mambo kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24 anakaribia asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kushika usukani. Wahusika hawa hulala kwa zamu, hula mara moja kwa siku, na hunywa maji kidogo kuliko lita nne ambazo wataalamu wa maafa hushauri kila mtu awekewe kwa siku. Mlinzi wa zamu ya alfajiri akisahau komeo la lango, sioni kosa la mwandishi hapo, alimradi tumeonyeshwa kuwa mlinzi huyo hajalala.

Wapo wanaosema hakuna mtu mwenye akili timamu angeganda namna ile mbele ya hatari. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio ambalo lingefaa lijulikane kwa kila anayehakiki tamthilia za maafa. Waliwaweka wanafunzi chumbani wajaze fomu, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili walioagizwa wasijali, ni asilimia 10 tu waliotoka. Wengine waliendelea kujaza fomu huku wakikohoa na kupunga moshi usoni. Tena Agosti 2016, ndege ya Emirates iliyotoka India ilipopiga tumbo kwenye njia ya kutua Dubai na kuanza kuungua, kuna abiria walioinuka kuteremsha mabegi yao kwanza. Sheria za usalama hutaka ndege iwe imeundwa kiasi cha watu wote kuweza kutoka ndani ya sekunde 90 wakitumia nusu tu ya milango. Kwa hiyo mhusika akirudi ndani kuchukua picha ya mtoto wake na wafu wako uwani, hilo linaaminika kabisa. Kinachotakiwa ni tuone picha hiyo mapema, tujue uzito wake kwake, na tuone gharama aliyoilipa.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo watazamaji walikasirika na walikuwa na haki kabisa. Ni msimu wa pili wa The Walking Dead, kipindi cha nne, kilichoonyeshwa Novemba 2011. Kundi la manusura limepata hifadhi katika shamba la mzee Hershel, na ndani ya kisima kimoja anaonekana zombi aliyevimba kwa kukaa majini. Wanakataa kumpiga risasi kwa hoja kwamba ubongo na damu vitachafua maji. Wanamteremshia kipande cha nyama, hakitaki, kwa kuwa yeye hufuata kilicho hai. Basi wanamfunga kamba mwenzao Glenn na kumshusha awe chambo, kamba ikiwa imepitishwa kwenye pampu ya mkono iliyochakaa. Pampu inang'oka. Glenn ananusurika chupuchupu, na bado anafanikiwa kumvisha zombi kitanzi. Wanamvuta mpaka ukingoni, mwili unakatika katikati, na nusu ya chini inadondoka majini pamoja na matumbo.

Pima uamuzi ule. Ilikuwa mchana, hakuna aliyekuwa anafukuzwa, na shamba lilikuwa na visima vingine. Maji yale yalikuwa yameshaharibika tangu maiti ilipoanza kuvimba humo, na risasi isingebadilisha lolote la maana. La kufanya lilikuwa kufunika kisima kwa mbao nzito, kuweka alama, na kuchota kwingine. Kama kingekuja kuhitajika, zombi angeuawa akiwa hukohuko chini, atolewe kwa ndoano na turubai la kuzuia mwili usikatike, maji yote yavutwe, kuta zisuguliwe, kisha kisima kitiwe klorini ya miligramu 50 hadi 100 kwa kila lita na kuachwa saa 12 mpaka 24. Baada ya hapo maji humwagwa tena hadi harufu ya dawa iishe, na ya kunywa huchemshwa hata hivyo mpaka yatokote kwa dakika nzima. Hata habari ya kamba ilikosewa. Mtu hashushwi shimoni kwa kamba moja yenye shikizo moja, yaani mahali pamoja tu ilipofungwa. Huwekwa kamba ya pili ya akiba, iliyofungwa mahali pengine, na shikizo hujaribiwa kwanza kwa watu watatu au wanne kulivuta kwa nguvu zao zote. Waliokuwa pale walikuwa watu wazima wenye uzoefu wa kutosha kulijua hilo.

Mwandishi angeweza kuliokoa tukio lote kwa sentensi moja. Angesema visima vingine vimekauka, au ng'ombe wamebakiza siku moja ya maji, na hatari ileile ingeeleweka. Badala yake, mwishoni mhusika mmoja anasema kisima kifungwe, jambo ambalo mtazamaji alikuwa analisema tangu dakika ya kwanza. Hapo lawama ni ya mwandishi.

Vipindi vitatu baadaye, katika shamba lilelile, linafunguliwa ghala ambamo Hershel alikuwa amefungia mazombi na kuwalisha kuku hai. Watazamaji wengi walimkejeli mzee huyu kuliko walivyokejeli kisima, na hapo siwaungi mkono. Hershel ni daktari wa mifugo. Shamba lake liko mbali na miji, hakuona majiji yakianguka, na aliamini kwa dhati kuwa walio ghalani ni wagonjwa wanaosubiri dawa. Ndani ya ghala yumo mke wake na mtoto wa kambo. Mtu wa fani yake, akiona mnyama amepata kichaa cha ugonjwa asioujua, humtenga na kumlisha huku akisubiri kujua ni nini. Ndivyo alivyofanya. Uamuzi wake ulikuwa wa hatari kubwa, na ulitoka moja kwa moja katika ujuzi wake, imani yake na msiba wake. Watazamaji waombe maamuzi ya namna hii kwa wingi, kwa kuwa ndiyo yanayompa mhusika sura yake mwenyewe.

Lawama inayorudi katika kila tamthilia ya aina hii ni ya mtu anayeficha jeraha la kung'atwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watazamaji huyatupa maneno hayo usoni mwa mhusika. Ila kabla ya kumhukumu, uliza kundi lake lina sheria gani. Katika msimu wa kwanza wa The Walking Dead, mwaka 2010, mhusika Jim anang'atwa tumboni na anaficha. Damu inapoonekana kwenye shati lake, mwenzake mmoja anamwinulia sururu muda mfupi baadaye, na inabidi bastola ielekezwe kichwani kwa mwenye sururu ndipo atulie. Mahali ambapo anayesema ukweli huuawa papo hapo, kuficha ni uamuzi wa mtu anayetaka kuishi saa chache zaidi na kuagana na watu wake. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, familia nyingi zilificha wagonjwa kwa kuogopa vituo ambavyo waliona watu wanaingia na hawatoki. Hali ilianza kubadilika pale jamii ziliposhirikishwa, watu waliokaribiana na wagonjwa wakafuatiliwa kwa siku 21, na ndugu wakapata njia salama ya kuwaona na kuwazika wapendwa wao.

Kwa hiyo kundi lenye akili huweka utaratibu kabla mtu hajang'atwa. Anayejitaja hadhuriwi. Anapewa chumba chenye mlango mmoja unaofungwa kwa nje, mguu hufungwa mnyororo kwa ridhaa yake, maji na chakula hupitishwa chini ya mlango, walinzi wawili hupokezana, na ndugu huzungumza naye wakiwa nje. Homa hupimwa kila saa. Kila mtu ajue ni nani atakayemmaliza akigeuka, na aliyeng'atwa mwenyewe achague. Wahusika wakiwa na utaratibu kama huu na bado mmoja wao akaficha, hapo tumlaumu yeye. Wakiwa hawana, walaumiwe viongozi wao, na hadithi inayowaonyesha hivyo imesema kweli. Jambo linabadilika tena pale tiba inapojulikana. Mwaka 2012, msimu wa tatu ulipoanza, Hershel aling'atwa mguuni, ukakatwa palepale chini ya goti, na akaishi. Tangu siku ile, mhusika aliyeona mguu ule ukikatwa kisha akaficha jeraha la mkono hana pa kujitetea. Hoja ya muda imeondoka kabisa, maana kila dakika ya kuficha inamwondolea nafasi ya kupona.

Kuna makosa mengine ambayo watazamaji humtwisha mhusika ilhali yametokea kwenye chumba cha kuhariri picha. Mwisho wa msimu huohuo wa tatu, Machi 2013, mhusika Andrea amefungwa kwenye kiti, mwenzake Milton anakata roho sakafuni mbele yake, naye akifa atageuka zombi, na koleo la kumwokoa liko chini karibu na mguu wake. Analivuta kwa vidole vya mguu, anasita, anazungumza, anamtazama Milton, anaendelea. Watazamaji walimpigia kelele afanye haraka. Ukitazama vizuri utaona picha zinakatwa kwenda sehemu nyingine na kurudi, kila mara tunamkuta pale tulipomwacha, na muda wa dakika chache unanyooshwa uwe mrefu kuliko unavyoweza kubebeka. Dawa yake ni nyepesi. Koleo liwe linateleza kwa damu, lidondoke, liingie chini ya kiti. Mazungumzo yaendelee huku vidole vikifanya kazi bila kusimama, na kila tunaporudi kwake tuone hatua mpya. Mwigizaji hakukosea kitu. Hata mhusika, alivyoandikwa, hakuwa mjinga.

Kuhusu bunduki nitasema kidogo. Mlio mmoja hufikia desibeli 140 mpaka 170 karibu na mdomo wa mtutu, na kizuia sauti hupunguza kati ya 20 na 35 tu, kwa hiyo hata bunduki yenye kizuia sauti bado inasikika mbali mahali penye utulivu. Anayempiga risasi zombi mmoja aliyekwama kwenye uzio, na mkononi ana chuma kirefu, amekosea, na asitafutiwe kisingizio. Petroli nayo: isiyotiwa dawa ya kuihifadhi huanza kuharibika ndani ya miezi mitatu mpaka sita, sehemu zake nyepesi zikivukiza na zilizobaki zikigeuka utomvu unaoziba njia za mafuta kwenye injini. Dizeli hudumu zaidi, ingawa maji yakiingia kwenye tangi huota vijidudu vinavyoziba chujio. Gari linalowashwa kwa ufunguo mara moja baada ya miaka mitano ya kuachwa barabarani ni kosa la mwandishi peke yake, na farasi waliokuja kutumika sana katika misimu ya baadaye wangefaa kutumika hivyo mapema zaidi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mnapochapisha maoni ya watazamaji kuhusu tamthilia hizi, muwaombe wataje msimu na kipindi, waeleze mhusika alikuwa anajua nini wakati ule na njia gani nyingine ilikuwa wazi kwake. Mkipata barua yenye mambo hayo, ipewe nafasi hata kama ni ndefu.

Wako,
Mtazamaji wa tamthilia