Msimwachishe Mzee sindano

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku wazima, Shangazi anakusalimu na bado anaulizia mkeka wake. Nakata salamu hapo, utaniwia radhi.

Kombo kaniambia mmekaa kikao, mkaamua Mzee aachishwe sindano za homoni za saratani ya tezi dume, arudi Pangani akapumzike, kwa kuwa skani ya pili ya mifupa imetoa madoa mengi kuliko ya kwanza. Usingizi umenipaa. Subirini kwanza!

Kipimo kile hakioni saratani yenyewe. Dawa ya mionzi anayochomwa mshipani, teknetiamu, hukimbilia popote mfupa unapojijenga. Saratani ikiuchokoza mfupa, mfupa hujijenga, doa likatokea. Ila sindano zikifanya kazi mfupa hupona, na kupona nako ni kujijenga: doa la zamani hukoza, na lililokuwa halionekani hujitokeza. Ni sawa na nyumba inayokarabatiwa, mpita njia akiona kifusi nje hudhani inabomoka. Madaktari wanalijua hili. Hutokea miezi ya mwanzo ya matibabu, kwenye tezi dume na kwenye matiti pia. Mzee yuko mwezi wa tatu tu! Ndiyo maana watafiti wa tezi dume hawasemi dawa imeshindwa kwa madoa mapya ya skani ya kwanza baada ya kuanza tiba. Hurudia baada ya wiki 6 au zaidi, waone kama yameongezeka mengine 2 au zaidi.

Na PSA yake, kile kipimo cha damu cha tezi dume, si imeshuka? Kombo anasema siku hizi Mzee anaenda msikitini Alfajiri bila kushikwa mkono. Mtu anayezidiwa ndivyo anavyokuwa? Hapo ndipo panaponiuma.

Halafu hizo mbavu zenye madoa kwenye picha. Mmesahau alivyoanguka mnazini? Mbavu zinazowaka zikifuatana mstari mmoja, swali la kwanza ni kama mtu alianguka. Magoti ya wazee huwaka kwa baridi yabisi, taya huwaka kwa jino bovu. Dawa ile ya mionzi hutoka kwa mkojo, basi hata tone likidondokea kikoi huonekana kama doa la nyonga. Nilipokuwa wodini niliwaona waliolia kwa doa la namna hiyo.

Sisemi Mzee kapona, na huenda kweli mengine ni ugonjwa. Akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea au mkojo ukaziba, msingoje kikao wala skani. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Lakini kumwachisha dawa kwa picha moja, na damu yake inasema kinyume, hapana, Mwanaidi. Hapana kabisa.

Sasa nijibu. Nani alisema aache, daktari wake au wajomba? Aliyesoma picha aliambiwa habari ya mnazi, na kwamba Mzee yuko kwenye sindano? Alipewa na ile skani ya kwanza alinganishe? Hizo mbavu zimepigwa eksirei? PSA ya mwisho ilikuwa ngapi, na sindano inayofuata ni lini? Na kama tatizo ni nauli ya Dar, mbona hukusema? Zamu yangu ya upatu ni Ijumaa, nitume kwako au kwa Kombo?

Wako,
Mwanasiti