Mheshimiwa Waziri, cheti cha hakimiliki hakilindi wazo: semeni hivyo

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa,

Nakuandikia kutoka Mwananyamala, Dar es Salaam. Barua nimeiacha wazi makusudi, waandishi wachanga wa skripti waisome hata kabla haijafika kwenye ofisi za wizara Mtumba, Dodoma.

Kila semina ya filamu niliyohudhuria jijini hapa, mtoa mada akiulizwa "nifanyeje wasiniibie stori?" hujibu kwa maneno mawili: sajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Makofi, kisha chai na maandazi. Nami nilitii. Nilikuwa na stori ya dalali wa Sinza aliyepangisha chumba kimoja kwa watu wanne, wote wamelipa kodi ya miezi sita, wote wakafika na magodoro yao siku moja. Nikaandika skripti, nikaisajili, nikapata cheti, ndipo nikamhadithia prodyuza mmoja kwenye kijiwe cha kahawa. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema atanipigia.

Hakupiga. Mwaka uliofuata nikamwona dalali wangu kwenye runinga ya kinyozi, nami nimeshanyolewa nusu kichwa. Wapangaji walikuwa watatu, na nyumba ilikuwa imehamia Tabata. Nikabeba cheti hadi kwa wakili. Akasoma skripti, akaitazama filamu, akaniambia: "Nionyeshe mstari wako hata mmoja uliomo humu." Sikuwa nao. Majina ni yao, maneno ni yao, mwisho ni wao. Walichobeba ni wazo, na wazo kisheria halina mwenyewe.

Hilo mtoa mada halisemi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi kwa sababu tu ametunga. Cheti hakimpi haki hiyo, kinamsaidia kuithibitisha. Ulinzi unakwenda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini kinacholindwa ni kile alichokiandika, yaani mazungumzo, namna alivyoyapanga matukio, wahusika jinsi alivyowachora. Wala si mkosi wa Tanzania peke yake. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa wa haki za ubunifu, unaotuhusu kama wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema hivyo hivyo katika ibara ya 9. Uingereza hata daftari la serikali la kusajili hakimiliki hawana.

Sitaki sheria ibadilishwe kwa hilo. Mtu mmoja akimilikishwa "dalali tapeli", nusu ya waandishi wa Bongo tutakosa kazi, na wazo lenyewe nililipata kwa jirani yangu aliyetapeliwa kweli. Sijamnunulia hata soda.

Basi mwandishi mchanga asajili au asisajili? Asajili, tena skripti nzima, si ukurasa mmoja wa muhtasari, akijua anasajili nini. Na asihadithie kijiweni kama mimi. Mwenzangu mmoja hakuwa na cheti chochote, ila skripti yake aliituma kwa barua pepe, na prodyuza akamjibu: "Nimeipata, nzuri sana." Filamu ilipotoka, ugomvi wa mama mkwe na sufuria ulikuwamo neno kwa neno. Alilipwa bila kufika mahakamani, kwa sababu ya jibu lile. Mwingine alijitumia skripti kwa posta, akaifungia bahasha sandukuni, na mpaka leo anaamini muhuri wa tarehe utamwokoa. Sina moyo wa kumwambia kwamba bahasha inaweza kutumwa bila kugundishwa, ikajazwa siku yoyote.

Sasa ombi langu. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, filamu haipigwi bila kibali, na anayeomba kibali hupeleka na maandishi ya filamu yenyewe. Skripti, basi, inapita mezani kwa serikali kabla kamera haijawashwa. Hapo hapo Bodi ya Filamu, inayotoa kibali hicho, idai ukurasa mmoja zaidi, wenye sahihi ya aliyeiandika, akikubali itumike na kutaja alichokubaliana kulipwa. Ukurasa usipokuwepo, kibali kisitoke. Maprodyuza watalalamika kwamba ni urasimu. Mbona barua za serikali za mitaa za kuruhusiwa lokesheni wanazitafuta, tena kwa jasho?

La pili ni dogo na halina gharama: juu ya fomu ya usajili yaandikwe, kwa herufi za kuonekana, kwamba usajili huu haulindi wazo.

Nimemaliza skripti nyingine. Jumamosi nina miadi Kinondoni na prodyuza ambaye sijawahi kufanya naye kazi, na nimechapa karatasi ya makubaliano ya kumpa asaini kabla sijamkabidhi chochote. Najua ataniona mjuaji. Wengine wawili walishanirudishia karatasi hiyo hiyo wakicheka. Ingekuwa fomu ya Bodi, angesaini kama anavyosaini nyingine zote, na mimi ningeendelea kuonekana kijana mwenye adabu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi wa skripti,
Mwananyamala, Dar es Salaam