Asante, dada wa kwenye teksi ya Busia

Dada uliyekaa nyuma yetu kwenye teksi ya Busia kwenda Kampala, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Shingo ya binti yangu ilikuwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, na watu wakimcheka eti haogi. Wewe uliniuliza kwa sauti ya chini kama kwapani napo kuko hivyo, na kama nyumbani kuna mwenye kisukari. Ukasema dodoki halitaondoa kitu: insulini, ile homoni inayodhibiti sukari, ikizidi mwilini huchochea seli za ngozi zizaliane, hasa penye mikunjo. Akapimwe sukari asubuhi, kabla ya chai.

Alipimwa: milimoli 6.4 kwa lita. Kisukari chenyewe huanzia 7.0, kwa hiyo alikuwa mlangoni. Soda tumepunguza, matoke hayafuriki sahani tena, na krimu za kujichubua alizozing'ang'ania jirani hatukuzigusa. Weusi unafifia polepole.

Ulituambia pia kwamba mtu mzima akitokewa na hali hiyo ghafla huku akikonda, achunguzwe tumbo, huenda ni saratani. Basi mama yangu sasa anakagua shingo za wazee wote kanisani!

Mungu akuzidishie. Ukipita Busia, ulizia mama wa mitumba karibu na steji. Chakula chako kipo.