Limpeti bandia na jina lililobeba spishi tatu

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na picha za magamba, na nimefurahi mno kusikia umeanza kuyapanga yale masanduku uliyoachiwa. Unauliza kama haya yenye kibandiko cha Siphonaria pectinata ni limpeti au siyo, na kama siyo, kwa nini wafanane hivi. Niwie radhi nikienda kirefu. Umemgusa mnyama ninayempenda kuliko konokono wote wa baharini.

Huyo ni limpeti bandia. Kwa nje ana kila kitu cha limpeti: gamba moja lenye umbo la kofia, mguu mpana unaonata kwenye mwamba, na maisha ya kushinda katika ukanda ambao maji hujaa na kupwa. Lakini kinasaba yuko mbali sana na limpeti wa kweli. Limpeti wa kweli, wa familia kama Patellidae na Lottiidae, wamo katika kundi la Patellogastropoda, mojawapo ya matawi ya kale kabisa ya konokono. Siphonaria yumo katika Heterobranchia, kundi lile lile la konokono wa nchi kavu na makoa wa bustanini. Ukitaka kumtafutia jamaa, mtafute huko kabla ya kumtafuta kwa huyo jirani aliyenata naye kwenye jiwe moja.

Kufanana kwao kunatokana na kazi. Mahali penye mawimbi makali, gamba refu lililojiviringisha hushikwa na maji na kung'olewa, ila gamba fupi lenye mteremko pande zote huyapitisha maji juu yake, na chini yake kunabaki nafasi ya mguu mkubwa. Konokono wa nasaba mbalimbali wamefikia umbo hilo, kila mmoja kwa njia yake. Wapo wa familia ya Fissurellidae wenye tundu kileleni, wapo hata wadogo wa maji baridi kama Ancylus. Siphonaria mwenyewe, akiwa lava, yaani mtoto aliyetoka yaini, huwa na kigamba kidogo kilichojiviringisha kama konokono yeyote. Umbo hili la sasa huja baadaye, na kile kigamba cha utotoni mara nyingi husagika kikapotea, ndiyo maana kwenye picha zako vilele vingi vimelika na kuwa vyeupe.

Sasa chukua gamba moja mkononi tulitazame. Kwa Siphonaria pectinata msingi wa gamba una umbo la yai, na urefu wa kawaida ni milimita 20 hadi 30 hivi. Kilele kiko karibu na katikati, kimesogea kidogo nyuma. Kutoka kileleni zinashuka mbavu nyingi nyembamba, zimesongamana, wala hazisimami juu kama zile za baadhi ya ndugu zake ambao ukingo wao huonekana umemenyekamenyeka. Hapa ukingo ni karibu laini. Rangi ya chini ni kijivu au nyeupe iliyofifia, na juu yake kuna mistari ya kahawia inayofuata mbavu, mara nyingine ikigawanyika njiani. Ndani kunang'aa, na ile mistari huonekana tena karibu na ukingo. Ni gamba zuri, lakini hakuna hata moja kati ya hayo niliyoyataja linalothibitisha kwamba si limpeti wa kweli. Wapo limpeti wa kweli wenye mistari na wenye mbavu nyembamba.

Uthibitisho uko ndani, ubavuni kulia.

Ligeuze gamba uone ndani yake, huku upande wa mbele ukielekea mbali nawe. Angalia lakini: ukishaligeuza hivyo, kulia kwake kumekuwa kushoto kwako, na wengi hutazama upande usio na kitu wakasema hawaoni chochote. Utaona alama ya msuli, ukanda unaozunguka kwa umbo la herufi C, pale mnyama alipojishikiza kwenye gamba lake. Kwa limpeti wa kweli mwanya wa C hiyo uko mbele, mahali pa kichwa. Kwa Siphonaria mwanya uko ubavuni kulia, na kutoka hapo mfereji mfupi unakwenda hadi ukingoni. Kwa spishi nyingi za jenasi hii, yaani kundi la ndugu wa karibu waitwao Siphonaria, mfereji huo huonekana hata kwa nje, kwa sababu ubavu mmoja hunenepa au ukingo hutokeza upande huo na gamba kupoteza ulinganifu. Kwa pectinata wako dalili hiyo ya nje ni hafifu, na ndiyo sababu hukuiona. Tumia mwanga wa ubavuni, si wa juu, na mfereji utajitokeza wenyewe.

Mfereji huo ni njia ya pumzi. Chini yake kuna tundu linaloingia kwenye chumba cha kupumulia, na mnyama huweza kulifungua na kulifunga. Maji yakipwa, anavuta hewa. Yakijaa, anapumua majini, na ndani ya chumba hicho hicho ana matamvua. Matamvua hayo si yale ya asili ya konokono wa baharini, ni ya pili, yaliyozuka baadaye. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka katika Pulmonata, yaani konokono wenye mapafu, na ndani yake katika Basommatophora, wale ambao macho yao yapo chini ya vipapasio. Uchunguzi wa jeni umeyavunja makundi hayo ya zamani. Mwaka 2010 lilipendekezwa kundi pana zaidi la Panpulmonata, na humo familia ya Siphonariidae ikapata nafasi. Siku hizi imepewa oda yake, Siphonariida.

Meno nayo yanasema jambo lile lile. Limpeti wa kweli ana radula, yaani utepe wa meno mdomoni, yenye meno machache magumu yaliyoimarishwa kwa madini ya chuma, hata hukwangua jiwe lenyewe. Siphonaria ana meno mengi madogo na dhaifu, naye hulisha mwani laini wa juu juu. Tena ana kinga yake: ukimchokoza hutoa ute mweupe kwenye ukingo wa mguu, na ndani ya miili ya wanyama hawa wanakemia wamepata misombo ya pekee. Mmoja uliotenganishwa kutoka kwa spishi hii na kutangazwa mwaka 1983 uliitwa pektinatoni.

Sasa nifike kwenye majina, na hapa ndipo nakuomba uwe mwangalifu.

Spishi hii iliingizwa kwenye daftari la sayansi na Carl Linnaeus mwaka 1758, katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, kwa jina la Patella pectinata. Aliliona gamba, na gamba lilikuwa la limpeti, basi akamweka kwa limpeti. Mwaka 1823 mtaalamu wa magamba Sowerby aliunda jenasi ya Siphonaria, na spishi ikahamia huko. Ndiyo maana jina la Linnaeus na mwaka wake huandikwa ndani ya mabano: mabano yanakuambia kwamba spishi ilianza maisha katika jenasi nyingine. Usiyaondoe kwenye vibandiko vyako. Familia ilipewa jina na Gray mwaka 1827.

Baada ya hapo kila msafiri alibatiza upya. Wanasayansi Quoy na Gaimard, waliozunguka dunia na meli Astrolabe, walimpa jina la algesirae, na hilo leo ni kisawe tu cha pectinata. Magamba haya hubadilika sana kwa umri, kwa mawimbi na kwa kusagika, kwa hiyo ilikuwa rahisi kila tofauti ndogo ipewe spishi yake. Mwaka 1946 Bengt Hubendick alichapisha kazi kubwa ya kuwapanga upya, akayaunganisha majina mengi. Naiheshimu kazi hiyo, maana alikagua vielelezo kwa subira kubwa, lakini nadhani kalamu yake iliunganisha kupita kiasi. Gamba likifanana na gamba si lazima damu ifanane na damu.

Kwa pectinata jambo hili limeonekana wazi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba spishi moja inaishi pande zote mbili za Atlantiki: Mediterania na pwani za Afrika Magharibi upande huu, Florida na Ghuba ya Mexico upande wa pili. Haikuonekana ajabu, kwa kuwa mayai yake hutagwa ndani ya utepe wa ute mwambani na lava wanaotoka huelea baharini. Lakini mwaka 2016 Gonzalo Giribet na Gisele Kawauchi walichapisha uchunguzi wa jeni za wanyama hao kutoka sehemu mbalimbali, na likatoka jibu la spishi tatu ambazo maeneo yao hayaingiliani. Jina la pectinata limebaki kwa wale wa mashariki ya Atlantiki na Mediterania. Wale wa Florida na Ghuba ya Mexico wamerudishiwa jina la Siphonaria naufragum, alilotoa Stearns mwaka 1872. Wale wa Cabo Verde ni Siphonaria placentula, jina la Menke la mwaka 1853. Tazama kwamba hapakuhitajika jina jipya hata moja. Yote mawili yalikuwapo, yamelala chini ya kivuli cha pectinata.

Basi kwa masanduku yako, gamba peke yake litakufikisha kwenye jenasi kwa uhakika, na mfereji wa kulia ndio shahidi. Kuanzia hapo unahitaji mahali lilipookotwa. Katika picha nimeona kibandiko kimoja kinachosema Florida. Hicho kiandike Siphonaria naufragum Stearns, 1872, bila mabano, maana Stearns alimweka Siphonaria tangu mwanzo. Kibandiko cha zamani usikitupe, kiweke pamoja na kipya, mtu wa baadaye ajue nini kiliandikwa kwanza. Yale yasiyo na mahali popote yaandike Siphonaria tu na uishie hapo, hata kama mkono unakuwasha kuongeza neno la pili.

Limebaki lile gamba jeupe, la duara, ulilolipiga picha mwisho. Sidhani ni Siphonaria. Linanikumbusha Trimusculus, limpeti bandia mwingine, anayening'inia chini ya miamba inayotokeza na kunasa chakula kutoka majini kwa ute. Nipigie picha ya ndani, mwanga ukitoka ubavuni, na uniandikie upana na urefu wake. Kama kwenye sanduku kuna karatasi yoyote yenye jina la mahali, hata iliyochanika, initumie pia.

Wako akupendaye daima,
Rafiki yako wa magamba