Nakala za kumbukumbu za Rusinga na Kanam ziletwe Kisumu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie madaftari, picha na barua za watafiti wa asili ya binadamu waliochimba huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1932 msafara wa Louis Leakey ulipata kipande cha taya huko Kanam, lakini mtaalamu wa miamba Percy Boswell alipokuja kukagua mwaka 1935, vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama vilikuwa vimeshatoweka, na picha iliyodhaniwa kuonyesha mahali penyewe ilikuwa ya mahali pengine. Dai zima la Leakey kwamba taya hilo lilikuwa la binadamu wa kale sana likatiliwa shaka kwa sababu ya kumbukumbu mbovu.

Mimi ni mwalimu wa historia. Picha niliyo nayo ya fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia, ambalo Mary Leakey aliligundua Rusinga mwaka 1948, imenakiliwa mara nyingi mno hata matundu ya macho yamekuwa madoa meusi. Wanafunzi wanaotoka Rusinga huniuliza lilipatikana upande gani wa kisiwa, nami sina ramani ya kuwaonyesha.

Naziomba taasisi zinazohifadhi kumbukumbu hizi, za hapa nchini na za ng'ambo, zilete nakala katika Makavazi ya Kisumu, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na Kijaluo. Zisiachwe kurasa zinazowataja wachimbaji Waafrika, akiwemo Heselon Mukiri, ambaye spishi Proconsul heseloni (siku hizi Ekembo heseloni) ilipewa jina lake.

Mwalimu,
Kisumu