Miguu Iliyobaki: Barua kwa Vijana Mnaochimba Usiku

Wanangu,

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu sijui mlango wenu. Najua tu njia mnazopita, maana kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kupima magofu na kuchora kuta zilizoanguka, na mara nyingi nilifika mahali nikakuta nyinyi mmeshatangulia. Mmeondoka na sanamu, mimi nikabaki kupima shimo.

Nilichozoea kukikuta ni miguu. Sanamu ya jiwe ni nzito na usiku ni mfupi, kwa hiyo mkataji hutafuta palipo pembamba, kwenye vifundo. Anapiga tindo hapo, au msumeno ikiwa anao, na mwili wote unaondoka. Juu ya kitako, yaani jiwe sanamu linalosimamia, zinabaki nyayo mbili na vidole vyake kumi, zimesimama kama za mtu aliyeingia ndani mara moja na atatoka sasa hivi. Nimechora nyayo za namna hiyo mpaka nikachoka.

Leo nataka niwaambie habari za hiyo miguu, maana nina hakika aliyewatuma hakuwaambia.

Kambodia kuna mji wa magofu uitwao Koh Ker, uliokuwa makao ya wafalme wa Khmer, watu wa Kambodia, katika karne ya 10. Katika hekalu moja pale, Prasat Chen, palikuwa na kundi la sanamu: Duryodhana na Bhima, mahasimu wawili wa Mahabharata, utenzi wa kale wa India, wanataka kuanza pigano lao la mwisho, na wengine wameketi pembeni wakitazama. Mnamo miaka ya 1970, nchi ikiwa vitani, waporaji waliingia na kulikata kundi lile moja moja. Bhima akaishia katika jumba la makumbusho California. Duryodhana akafika London, akauzwa, akakaa miaka mingi katika nyumba ya watu, kisha mwaka 2011 akatokea New York kwenye orodha ya mnada, na bei iliyotajwa ilikuwa kati ya dola milioni 2 na milioni 3.

Waliotaka kumuuza walikuwa na mawakili hodari. Lakini kule msituni miguu yake ilikuwa bado imesimama. Wataalamu walilinganisha mkato wa juu na mkato wa chini, na ikaonekana huyu ni wa pale. Serikali ya Marekani ikafungua kesi mwaka 2012, pande mbili zikapatana mwishoni mwa 2013, na mwaka uliofuata Duryodhana akarudi Kambodia. Bhima naye alirudi mwaka huohuo. Mkataji alidhani ameacha takataka, kumbe ameacha shahidi.

Sasa tuzungumzie fedha, maana najua ndizo zilizowatoa nyumbani. Mimi sitaihubiria njaa, njaa haina masikio. Ila fanyeni hesabu yenu wenyewe. Jiwe linatoka kwenu, linapita kwa dalali wa karibu, linapita kwa anayelivusha mpaka, linapita kwa anayelitengenezea karatasi, ndipo linafika dukani kwenye taa nzuri. Kila mkono unaongeza bei, na mkono uliopata malengelenge ndio uliolipwa kidogo kuliko yote. Tena ndio wa kwanza kukamatwa. Yule wa karatasi hukaa kwenye kiyoyozi akiandika kwamba kitu hiki kilikuwa cha marehemu fulani wa Uswisi tangu kabla ya mwaka 1970. (Mwaka huo ndio Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni ulipopitishwa, kwa hiyo wanunuzi hupenda karatasi inayoonyesha kwamba kitu kilishatoka kwao kabla ya hapo. Sijawahi kuona marehemu wengi wenye mali nyingi kama hao wa Uswisi.)

Wengine hamuuzi hata sanamu. Mnapasua kitako mkitafuta dhahabu, kwa kuwa mtu amewaambia kila mungu wa kale amekalia hazina. Ni kweli, wajenzi wa baadhi ya mahekalu waliweka sadaka ndogo chini ya vitako, vipande vya dhahabu au vito. Basi kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa ukucha mnavunja jiwe la miaka elfu, na mara nyingi mnakuta aliyewatangulia alishakichukua. Sitalirefusha hili.

Ninalotaka mlielewe zaidi ni kitu kinachopotea hata pale sanamu inapobaki nzima. Duryodhana peke yake dukani ni mwanamume wa jiwe asiye na miguu, mzuri wa kutazama, basi. Pale Prasat Chen alikuwa amemkabili Bhima, na waliokaa pembeni wameshika pumzi. Mkao wake ulikuwa jibu kwa mkao wa mwenzake. Ukimng'oa umelikata neno moja kutoka katikati ya sentensi, na neno hilo halisemi tena kitu. Ndiyo maana sisi wapimaji tulikuwa tunaudhi watu kwa kuuliza: kilikuwa kimelala upande gani, juu yake palikuwa na udongo wa rangi gani, kando yake palikuwa na nini? Tulikuwa tunaokota sentensi.

Na wakati mwingine kinachokatwa si cha watu waliosahaulika. Mijikenda wa pwani ya Kenya huwasimikia wazee wao mashuhuri vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa mfano wa mtu, ili roho ya marehemu ipate mahali pake. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, kitaozea papo hapo, na kukiondoa ni kuialika balaa iingie katika ukoo. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Alipoirudisha ile picha, mtafiti alimkuta mzee anauliza kama anaweza kusaidia kuvitafuta. Miaka mingi baadaye kimoja kilionekana katika makumbusho ya chuo kimoja cha Marekani, cha pili katika chuo kingine. Picha ileile ndiyo iliyovitambulisha. Vilirudi kwa familia mwaka 2007, lakini mzee alikuwa ameshakufa.

Nikisoma habari hiyo huwa naliwazia lile swali lake. Alikuwa anawaulizia ndugu zake.

Wapo pia miongoni mwenu wasiouza wala kutafuta dhahabu. Hao huvunja, na husema wanavunja kwa ajili ya Mungu. Na kwenu nina neno, japo fupi. Sanamu mbili za Buddha pale Bamiyan, Afghanistan, moja ya mita 55 na nyingine mita 38, zililipuliwa Machi 2001. Waislamu wa bonde lile walikuwa wamelima na kuzikana chini ya miguu ya sanamu hizo kwa karibu miaka elfu moja bila imani yao kupungua. Mwaka 2012 kule Timbuktu, Mali, yakavunjwa makaburi ya mawalii, yaani Waislamu wakivunja ya Waislamu. Mmoja wa viongozi wa uvunjaji ule, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alihukumiwa miaka 9 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016. Alikiri kosa, akaomba radhi, na akawausia Waislamu wa dunia nzima wasijiingize katika matendo kama yake. Mimi siwezi kuwausia kwa ukali kuliko yeye aliyeshika sururu. Makaburi yale yalijengwa upya na mafundi wa Timbuktu wenyewe, kwa udongo, kama walivyojenga babu zao.

Nirudi kwenu wa usiku, maana nyinyi ndio nina haja nanyi.

Bwana Khaled al-Asaad alisimamia magofu ya Palmyra, Syria, kwa miaka ipatayo arobaini. Agosti 2015 aliuawa na wapiganaji waliouteka mji, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, na inasemekana walitaka awaonyeshe vilipofichwa vitu vya thamani, naye akakataa. Yeye alijua mahali akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa haki. Nyinyi pia mnajua mahali. Lakini kwenu kunyamaza kunawalinda waliowatuma.

Msidhani hakuna wa kuwasikiliza. Kambodia palikuwa na mtu aliyepora mahekalu kwa miaka mingi, tangu ujana wake wa vitani, akiongoza kundi zima. Uzeeni aliamua kusema. Aliwachukua wachunguzi akawapeleka msituni, akawaonyesha shimo hili lilitoa nini na lile lilitoa nini, akatazama picha za makumbusho ya mbali na kusema hii niliing'oa mimi. Kumbukumbu zake zilifanya kazi ambayo vitabu vyetu visingeweza. Baghdad nako, jumba la makumbusho lilipoporwa Aprili 2003, ilitangazwa kwamba atakayerudisha hataulizwa kitu. Juni mwaka huo wanaume watatu walikuja na gari, na ndani ya buti mkiwa na chombo cha Warka, chombo cha jiwe cha miaka ipatayo 5,000 kilichochongwa watu wakimpelekea sadaka mungu wao Inanna. Kilikuwa vipande 14. Wezi walikuwa wamekikwanyua mpaka kikaacha kitako chake ndani ya jumba, nacho pia kilikuwa kimekatikia mguuni.

Sisemi sheria haitawauliza, kwa sababu kila nchi ina yake na mimi si hakimu. Anzeni na mtu wa kati mnayemwamini, wakili au kiongozi wa dini, aende awaulizie kwanza. Kabla ya hapo kaeni na daftari. Andikeni: mahali gani, msimu gani, kilitazama upande upi, nani alikipokea, gari la rangi gani. Kama kuna picha kwenye simu, usiifute, hata kama inakutia aibu. Chora na mahali ilipobaki miguu, na kama umeifunika kwa majani ili isionekane, andika hivyo pia, maana mvua zikipita mbili tatu hata wewe hutapaona.

Mzee wenu, mpimaji mstaafu wa magofu