Mheshimiwa Waziri, tufungulie nchi wakati wa masika

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Kila mwaka ikifika Aprili, matangazo ya utalii yananyamaza. Picha zinazosalia ni za jua la Agosti, nyumbu wakivuka mto Mara. Huku nje mito imejaa, maporomoko yananguruma, na vilima vilivyokuwa vumbi mwezi wa pili vimeota nyasi hadi magotini. Nakuandikia kuomba masika yahesabiwe kuwa msimu wa utalii, msimu wa sisi wenyeji, na upangiwe ipasavyo badala ya kungojewa upite.

Sizungumzi kwa kukisia. Mimi na majirani zangu wa Buruburu tuna chama cha matembezi. Tunachanga kidogo kidogo, tunakodi matatu, na tunasafiri Aprili kwa sababu watoto wamefunga shule na vyumba vinapatikana kwa bei tunayoimudu. Kwa hiyo tumeloa pamoja visiwani, misituni na milimani, na sijaona watu wazima wakicheka kama wanavyocheka mvuani.

Chukua Ngong, ambako Mnairobi anafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Tulipanda ukungu ukiwa mzito hata hatukuonana migongo. Mama mmoja wa chama, ambaye sauti yake ndiyo huongoza kwaya kanisani, alisimama akauliza kwa hasira hiyo mitambo ya upepo tuliyoahidiwa iko wapi. Alikuwa amesimama chini yake. Ukungu ukafunguka kidogo, pangaboi likapita juu ya kichwa chake, akapiga ukemi uliowashtua ng'ombe waliokuwa wakilisha mteremkoni. Siku ya jua angeiona mitambo hiyo akiwa bado garini, akapiga picha moja, yakaisha.

Kakamega nako mvua ina ratiba yake. Msitu ule, mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na misitu ya Kongo, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi, na nyingi huanguka alasiri. Mwelekezi wetu alitutoa kitandani kabla ya mapambazuko, tukaona mbega na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi, kisha adhuhuri akaanza kutuharakisha. Alituambia mvua ya pale hunyesha mara mbili: kwanza kutoka mawinguni, halafu kutoka kwenye majani. Tulidhani ni mzaha wa kuwachangamsha wageni. Jua lilikuwa limeshatoka, barabara inafuka mvuke, na ndani ya msitu bado tunanyeshewa.

Lakini palipotuteka moyo ni Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kutoka Mbita ni mwendo wa boti, na siku tuliyofika, nahodha alikataa kuondoka alasiri. Wanaume wa chama wakambana, wakamtajia nauli waliyolipa, wakamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Kijana yule aliendelea kula samaki wake taratibu, akasema, "Wazee wangu, ziwa halisomi risiti." Haukupita muda mrefu upepo ukaja na radi, mawimbi yakapanda gatini, na waliokuwa wakibisha sauti ya juu ndio walikuwa wa kwanza kukimbilia chini ya bati. Tukalala Mbita. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa, tukavuka tukiimba.

Kule kisiwani kuna michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na katika pango la Mawanga, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe. Masimulizi ya Abasuba, wenyeji wa kisiwa, husema iliachwa na Watwa walioishi huko kabla yao, na ukoo mmoja wa kisiwani uliitumia Mawanga kwa matambiko ya kuomba mvua. Tulipanda njia ikiteleza, tukishikana mikono, na tulipoingia pangoni mvua ilikuwa imefunga mlango nyuma yetu. Mzee wetu, aliyevaa koti la suti safari nzima na hakuachana na mwavuli wake, aliitazama michoro kwa heshima, akasema, "Jamani, walioomba waambiwe imefika." Pango zima likacheka, mwelekezi naye akacheka hadi akakaa chini. Kisha tukanyamaza, tukaisikiliza mvua ile ile iliyoombwa mahali pale miaka na miaka. Mheshimiwa, hakuna Januari inayoweza kumpa mgeni kitu hicho.

Rusinga iko jirani, imeunganishwa na Mbita kwa barabara. Yupo Tom Mboya, mwanasiasa wa enzi ya uhuru, amezikwa pale, na yapo makorongo ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale, mwaka 1948. Mvua ndiyo humomonyoa udongo wa makorongo yale na kuyaanika mabaki yaliyolala humo mamilioni ya miaka. Watoto wetu walitaka kubaki.

Sasa niseme kwa nini naona jambo hili ni lako, si la vyama vya matembezi pekee.

Masika ndiyo wakati mwelekezi anakaa bila mgeni, nahodha anafunga boti, na hoteli za Pwani hupunguza wafanyakazi. Hao ni Wakenya wanaongoja msimu wa watu wanaotoka mbali kwa ndege. Sisi tuko hapa hapa, tunatembea kwa matatu, na tuko tayari kulala, kula na kulipa wakati vitanda vikiwa vitupu. Tumehimizwa miaka mingi tuitembee Kenya yetu. Tunaitikia, lakini mipango yote imewekewa mtu anayekuja Agosti.

Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu, nami sitaki kuyapamba. Mvua inaua. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwafagia watu waliokuwa matembezini katika korongo la Hell's Gate, na hata masika hayakuwa. Mwisho wa Aprili 2024 maji yalishuka usiku Mai Mahiu yakaangamiza familia, na siku chache baadaye mto Talek ukafurika, kambi za Maasai Mara zikazama, wageni wakaokolewa kwa helikopta. Mtu akiniambia kwamba kutembea wakati wa mvua ni hatari, namwambia kwamba kutembea bila habari ndiko hatari zaidi. Nahodha wa Mbita alitulinda kwa sababu analijua ziwa lake. Aliyeingia korongoni bila kujua anga la juu likoje, nani alimlinda?

Hapo ndipo ombi langu la kwanza, na kwangu ndilo kubwa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iko hapa Dagoretti Corner, na hutoa utabiri kila siku. Utabiri huo ufike kila lango la hifadhi, ubandikwe asubuhi kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, pamoja na hali ya barabara na mito ya siku hiyo. Uwekwe pia pale pale tunapolipia kiingilio mtandaoni, kabla hatujatoa pesa. Niliwahi kufika na wenzangu kwenye lango moja la milimani, tumetoka Nairobi usiku, ndipo tukaambiwa barabara za ndani zimefungwa tangu mwanzo wa juma kwa sababu ya matope. Kufungwa kulikuwa sawa kabisa. Kilichotuumiza ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kutuambia. Kina mama walitandaza turubai kando ya barabara, wakapasha githeri, na askari wa langoni wakaja kula nasi, lakini watoto walikuwa wameahidiwa maporomoko ya maji.

La pili ni mahali pa kujisitiri. Tazama Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usinyakuliwe. Leo makutano ya njia zake yana namba na ramani zipo, kwa hiyo mvua ikikukuta unajua uko wapi na lango liko upande gani. Njia za Kakamega, za Ngong na za Mfangano zinastahili hayo hayo, pamoja na vibanda vya paa la bati kila baada ya mwendo fulani. Na katika kila gati la visiwani, jaketi za kuokoa maisha zinazotosha abiria wote, za watoto zikiwemo. Hili la jaketi ningeliomba hata kama hakungekuwa na utalii.

Barabara za kufikia malango najua ni za wizara nyingine. Wasemeshe.

La mwisho ni bei, na hapa nawaombea wanafunzi. Kiingilio cha mkazi na cha mwanafunzi kipunguzwe Aprili na Mei. Maji tunayochota Nairobi, sehemu kubwa yake hutoka bwawa la Ndakaini, ambalo hujazwa na mito ya milima ya Nyandarua. Mtoto wa Kayole anayefungua mfereji ukatoa hewa tupu anastahili kusimama mbele ya maporomoko ya Karuru, huko huko Nyandarua, mita 273 kutoka juu hadi chini, wakati yamejaa. Huko ndiko ataelewa kwa nini msitu ukikatwa ndoo yake inabaki tupu. Kiangazi ataona uzi wa maji tu.

Mheshimiwa, si lazima yote yaanze pamoja. Tungeridhika ukianza na Mbita na Mfangano: ubao wa utabiri gatini, jaketi za kutosha, na kibanda kimoja kwenye njia ya kwenda Kwitone. Waelekezi na manahodha wapo, na kazi wanaijua. Chama chetu kimeanza kuchanga kwa safari ya Aprili ijayo, na tungependa kujua kabla ya Machi ni lipi kati ya haya litakuwa tayari.

Wako katika matembezi,
Mkazi wa Buruburu, Nairobi